Imeingia, Lakini Haijapatana

 

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimesimama katika gereji moja ya uwanja wazi pale Longisa, Bomet, nikingojea tairi langu lizibwe. Ukaingia mkokoteni. Vijana watatu waliusukuma, na juu yake ililala ekseli nzima ya nyuma ya Land Rover, pamoja na madramu yake ya breki, tope lililoikaukia, na difu lake nene katikati. Nyuma ya mkokoteni alifuata mwenye mali, mzee aliyevaa gambuti, nadhani alikuwa ametoka moja kwa moja kupeleka maziwa. Hakuwa na maelezo marefu. Aliuliza, "Fundi, itaingia?" Fundi aliitazama kidogo, akajibu, "Itaingia, mzee."

Moyo wangu ulishtuka, kwa maana swali hilo na jibu hilo nayajua. Niliyasikia nikiwa mtoto wa darasa la sita, nimeshika tochi chini ya gari la baba yangu mdogo, na gharama yake tuliilipa sote nyumbani. Ndiyo sababu leo nimeomba dakika hizi nizungumze nanyi juu ya ekseli ya nyuma: jinsi inavyobadilishwa, na jinsi inavyoweza kuingia kwenye gari, nati zote zikakazwa, rangi ikapakwa, na bado isipatane na gari hilo.

Kwa asiyepajua Longisa, pafikirie kama kizingiti cha mlango. Ukipanda kuelekea Silibwet na Tenwek, unaingia nchi ya majani chai, nchi ya baridi za asubuhi na viwanda vya wakulima wadogo kama Kapkoros na Tirgaga. Ukishuka kuelekea Mulot na mto Amala, ule ambao ukikutana na Nyangores huzaa mto Mara, nchi inafunguka, mahindi na ng'ombe, mpaka unajikuta Narok. Lami inapita hapo Longisa, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko papo hapo. Lakini watu wengi hawaishi kwenye lami. Wanaishi ndani, Chemaner, Kembu, Kipreres, Merigi, kwenye vilima ambavyo mvua ya Machi hadi Mei huvigeuza kuwa sabuni. Probox itakufikisha mahali fulani, kisha dereva atakuambia kwa upole kwamba hapa ndio mwisho. Baada ya hapo ni bodaboda, au miguu yako, au Land Rover.

Na mzigo wa huku hausubiri. Viazi vitavumilia siku mbili. Maziwa hayavumilii. Majani chai mabichi ndiyo hayana subira kabisa: yakishindiliwa guniani na kucheleweshwa, hupata joto yenyewe kwa yenyewe, yakaanza kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani, na karani wa kununua atayakataa, kazi ya mama ya siku nzima ikamwagwa. Juu ya mzigo huo wote yuko mgonjwa, na mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku. Kwa hiyo ninapozungumza habari ya difu na hafushafti, naomba mtu asidhani nazungumza habari ya vyuma peke yake.

Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Mwili wake ulikuwa wa alumini kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Huku kwetu ilikuja na serikali: gari la Bwana DC, gari la polisi, gari la daktari wa mifugo. Baadaye zikaunganishwa Thika, na wengi wetu tulizoea kuziona zikiuzwa minadani zikiwa zimechoka, wakulima wakazinunua na kuzipa maisha ya pili yaliyo marefu kuliko ya kwanza. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ile iliyofuata, ambayo hatimaye iliitwa Defender, ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Tukumbuke pia kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Maana yake ni kwamba Land Rover kuukuu iliyoko Longisa haiwezi kupata mwenzake kutoka ng'ambo. Kila moja inaishi kwa viungo vya nyingine iliyokufa.

Wala mapenzi haya ya Land Rover si ya kwetu peke yetu. Mei 2024 wamiliki walikusanya mamia ya Land Rover mjini Nakuru, wakinuia kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na Oktoba ya mwaka huohuo Arusha nao wakafanya tamasha lao. Nilizitazama picha za Nakuru kwa furaha ya kweli. Lakini nilijikuta nikizitazama zile Land Rover chini, si juu. Nilikuwa nikijiuliza ni ngapi kati ya hizo zina ekseli ya mbele ya mama mmoja na ya nyuma ya mama mwingine.

Nirudi kwa baba mdogo. Alikuwa na Series III, ile ndefu, ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Jioni moja akitoka Chemaner na shehena ya viazi, gurudumu la nyuma lilitumbukia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua. Gari halikupinduka, Mungu ni mwema, lakini mrija wa ekseli ulipinda, na difu likaanza kulia kama jiwe la kusagia. Ikaamuliwa ekseli yote ibadilishwe.

Fundi aliyemfanyia kazi, ambaye simtaji jina na ambaye alikuwa mtu mwema na mchapakazi, alipata ekseli kutoka kwa gari lililokufa, la aina ya 110, ile ya baadaye. Hapa ndipo mtego ulipo, msikilizaji, na naomba tuutazame kwa makini. Ekseli ya nyuma ya 109 ya Series III na ekseli ya nyuma ya 110 za miaka mingi zina difu la ukoo mmoja, linaloitwa Salisbury. Ukizilaza pamoja kwenye nyasi, yale matumbo mawili ya chuma yanafanana kama pacha. Hata mtu aliyezifungua kwa miaka 20 anaweza kupita akaziona ni kitu kimoja.

Tofauti ya kwanza ilionekana kwa macho, na fundi aliishughulikia. 109 inakaa juu ya kamani, zile springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. 110 inakaa juu ya springi za kujiviringa. Kwa hiyo alikata vishikizo vya 110 kwa moto, akachomelea vikalio vya kamani kutoka kwenye ekseli ya zamani. Alichomelea vizuri. Nilishika tochi usiku ule na nilimwona akipima kwa kamba kutoka kila upande, mara mbili, mara tatu, ili ekseli isikae mshazari. Yuubolti zikakazwa, propela ikafungwa, mabomba ya breki yakaunganishwa na hewa ikatolewa. Saa nne za usiku baba mdogo akauliza, "Imeingia?" Fundi akajibu, "Imeingia, mzee." Tukanywa chai.

Tofauti ya pili haikuonekana, kwa sababu ilikuwa ndani.

Ndani ya difu mna gia mbili kuu. Ndogo inaitwa pinioni, nayo inazungushwa na propela, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye gia. Kubwa ni kraunwili, nayo ndiyo inayozungusha hafushafti mbili, zile fimbo zinazokwenda kila upande, na magurudumu. Hesabu meno ya kraunwili, gawanya kwa meno ya pinioni, na utapata namba ambayo ndiyo roho ya ekseli hiyo. Kwenye Series, namba hiyo ni 4.7. Maana yake propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye 110 namba ni 3.54. Propela inazunguka mara tatu na nusu hivi, na gurudumu limeshamaliza mzunguko wake.

Kwa hiyo gari la baba mdogo lilitoka gerejini mbele likiwa na 4.7 na nyuma 3.54.

Na kwa miezi mitatu hakuna aliyejua! Series ikiwa katika mwendo wa kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele yanafuata bila kuendeshwa. Kiangazi kile baba mdogo alikuwa na raha. Alipokwenda Bomet mjini, injini ilikuwa imetulia na gari linakimbia kama jipya. "Limekuwa jepesi," alituambia. Mshale wa mwendo ulisoma 60, naye akashangaa kuona matatu haziwezi kumpita. Mshale ule unasomwa kutoka kwenye transfa, yaani sanduku la pili la gia, kwa hiyo haukujua kwamba difu limebadilika. Uliposema 60, gari lilikuwa likienda karibu 80, likiwa na breki za gari la zamani na watu tisa nyuma. Bado nikilikumbuka hilo nasikia baridi. Kwenye vilima nako lilianza kuchoka, likitaka gia ya chini pale ambapo zamani halikutaka, lakini mzee alisema ni mafuta mabaya.

Mvua ikaja Aprili. Kwenye njia ya kwenda Chemaner, gari likaanza kuteleza, naye akafanya kama alivyofanya maisha yake yote: akakandamiza kile kirungu cha manjano karibu na gia ili magurudumu ya mbele nayo yaingie kazini. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilisikia gari likisitasita, sehemu ya mbele ikivutana na ya nyuma, kama ng'ombe anayesukumwa kuingia kwenye dipu naye ameikaza miguu ya mbele. Kwenye tope lilikubali, kwa shida. Tulipofika mahali pa mawe, pagumu, pakavu kidogo, palitoka mlio mmoja chini ya sakafu. Gari likasimama. Meno ya gia ndani ya transfa yalikuwa yamekatika.

Sasa tufanye hesabu ambayo ingetuokoa. Ukiingiza magurudumu manne kwenye Series, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka sawasawa, hakuna kinachoziruhusu zitofautiane. Gawanya 4.7 kwa 3.54. Utapata 1.33. Magurudumu ya mbele yakizunguka mara 100, ya nyuma yanataka kuzunguka karibu mara 133. Lakini barabara ni moja, na gari ni moja. Haliwezi kwenda mwendo wa aina mbili. Kwenye tope magurudumu huteleza, na ule mzozo unaishia topeni. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza. Nguvu inajikunja ndani ya vyuma, inajikunja, hadi kitu kimoja kiachie. Kamba hukatikia pembamba, na siku ile upembamba ulikuwa kwenye transfa. Kwa mwingine ungekuwa kwenye hafushafti ya mbele, au kwenye jointi ya propela.

Kuna pia jambo la tatu, dogo kuliko hilo lakini lenye kuudhi. Ekseli ya 110 ni pana kuliko ya Series, kwa vipimo vya kiwandani, milimita 1486 dhidi ya 1308 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Yaani karibu sentimita 9 zaidi kila upande. Mnaoendesha kwenye njia zetu mnajua maana yake. Magurudumu ya mbele yanakanyaga ndani ya ule mfereji uliochimbwa na magari yaliyotangulia, na ya nyuma yanapanda ukingoni. Gari linakwenda kama mtu aliyevaa viatu visivyo vya jozi moja.

Je, kosa lilikuwa la nani? Kwa miaka mingi nyumbani tulisema ni la fundi. Siku hizi sisemi hivyo. Fundi yule aliulizwa kama itaingia, akaiingiza, tena kwa ustadi. Hakuna aliyemuuliza namba. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba kuna namba ya kuuliza, kwa sababu alijifunza kazi kwa kumshikia spana fundi mwingine, ambaye naye alijifunza wakati Land Rover zote za Longisa zilikuwa za aina moja na namba moja. Elimu ile ilikuwa kamili kwa wakati wake. Magari ndiyo yaliyobadilika.

Ninalotaka kuwaambia mafundi na wenye magari ni hili: namba hiyo unaweza kuipata bila kufungua difu, bila kompyuta, bila kumpigia mtu simu Nairobi. Unahitaji jeki, chaki na macho mawili.

Inua gurudumu moja la nyuma, lile jingine libaki chini. Gia iwe huru. Weka alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi lililo juu. Sasa zungusha tairi hilo polepole mizunguko miwili kamili, huku mwenzako analala kando na kuhesabu mizunguko ya propela. Kwa nini miwili? Kwa sababu gurudumu moja likiwa limezuiwa, difu hulipatia lile lililo huru mwendo maradufu. Mizunguko miwili ya tairi moja ni sawa na mzunguko mmoja wa kraunwili. Ukipata minne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7. Ukipata mitatu na nusu, hiyo ni 3.54. Fanya hivyohivyo mbele, kile kirungu cha manjano kikiwa juu, na kama gari lina habu za kufungua kwa mkono, zifunge kwanza. Hata ekseli iliyolala kwenye mkokoteni inapimika: kijana mmoja ashike habu moja isigeuke, mwingine azungushe ile ya pili, wa tatu ahesabu pale inapofungwa propela. Wenye Toyota Land Cruiser wamerahisishiwa, kwa kuwa kwenye chumba cha injini kuna sahani ndogo ya chuma inayoonyesha alama ya ekseli iliyotoka nayo kiwandani. Lakini sahani inasema ilivyozaliwa, haisemi imefanyiwa nini tangu hapo. Hesabu tu.

Kabla hujalala kando kuhesabu, kuna neno lazima nilitamke polepole. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyoko nyuma ya transfa, yaani inashika propela ya nyuma. Ukiifungua propela hiyo, breki ya mkono imebaki kushika hewa. Hafushafti ikiwa imekatika, ni vilevile. Na hata kama kila kitu kiko sawa, ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu litaruhusu lile lililo juu kuzunguka upande mmoja na lililo chini kuzunguka upande mwingine, na gari litatembea breki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Longisa haina uwanja tambarare. Kijana wa jirani yetu, msaidizi wa gereji, alibanwa mguu kwa namna hiyo, na fundi wake alikuwa akirudia, akilia, "Lakini breki nilivuta, breki nilivuta." Kweli alikuwa ameivuta. Wekeni mawe. Weka jiwe mbele na jiwe nyuma ya magurudumu ya mbele, mawe makubwa, si matofali ya udongo. Ekseli ikishatoka, gari likae juu ya vigogo au stendi, lisikae juu ya jeki hata kwa dakika moja. Na msilale chini yake ekseli inaposhushwa. Difu la Salisbury ni zito, ni kazi ya watu wanne na ubao.

Kuna uzuri pia katika ekseli hii, na si haki nizungumze hatari zake tu. Uzito wa Land Rover haukai juu ya hafushafti. Unakaa kwenye habu, na habu inazungukia beringi juu ya mrija wa ekseli. Hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo ikikatika njiani, unafungua zile bolti za katikati ya gurudumu, unaichomoa kama upanga kutoka alani, na gari bado limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Sivyo ilivyo kwa Hilux nyingi, ambazo hafushafti na gurudumu huja pamoja. Kipande kilichobaki ndani nacho kitolewe, ukikisukuma kwa chuma kirefu kutoka upande wa pili, kisiende kuingia kwenye gia. Ziba tundu vumbi lisiingie, kandamiza kirungu cha manjano, na gari litakurudisha nyumbani polepole kwa magurudumu ya mbele. Nimewahi kuona mgonjwa akifikishwa hospitali ya Longisa namna hiyo, na dereva akiwa na hafushafti iliyokatika miguuni pake. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa ekseli ya mbele ni nzima na inaendeshwa ipasavyo. Ndiyo maana nasema ya mbele na ya nyuma zijuane.

Mambo mengine ya kazi hii nayapitia haraka, maana mafundi wanayajua. Sili mpya, usirudishe za zamani. Mafuta ya gia ya namba 90, mpaka yafike kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limekaa sawa. Safisha kile kipumuaji kidogo kilicho juu ya mrija. Kikiziba, na gari likaingia Amala ekseli ikiwa ya moto, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia sili. Ukifungua bolti ya chini baada ya wiki mbili ukaona mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, umejua. Na pale unapochomelea vikalio vya kamani, kwanza pima pembe ambayo pinioni inatazama. Ikikosewa kidogo, propela itatetemeka hadi ile jointi iishe.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya ambayo iliwafanya wasomi wa dunia waanze kuwaangalia kwa heshima watu wanaofanya kazi katika viwanja kama hivi vya Longisa. Heshima hiyo niliifurahia nilipoisoma chuoni. Lakini heshima ya kusifiwa haitoshi. Fundi wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza, na akapata karatasi inayotambulika. Ningependa kaunti yetu iwasafirishe watu hawa, iwalipie ada, na iwafidie siku watakazokosa kazi, kwa sababu hiyo ya mwisho ndiyo inayowazuia wengi. Na nawaomba wauza vyuma chakavu kitu kimoja ambacho hakina gharama: mnapoitoa ekseli kwenye gari lililokufa, pimeni hapohapo, kisha andikeni namba kwa rangi nyeupe kwenye mrija. 4.7. Au 3.54. Au yoyote itakayokuwa. Mnunuzi atoke nayo akiijua, kama anavyotoka na kilo za sukari zilizopimwa mbele yake.

Sasa yule mzee wa gambuti. Sikuweza kunyamaza. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kuingilia mambo yake, nikamwomba fundi atupe dakika kumi. Nilihofu angekasirika. Hakukasirika, alitabasamu tu, akamtuma msaidizi wake dukani kuleta chaki. Gari la mzee lilikuwa hapohapo gerejini, Series III, ndefu, ya dizeli, kama la baba mdogo. Tuliweka mawe. Tukainua gurudumu moja la mbele, kijana akazungusha, fundi mwenyewe akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, na alama ya chaki ikapita nusu na kusimama kabla ya tano. Tukaenda kwenye mkokoteni. Moja, mbili, tatu. Nusu. Ikasimama.

Palikuwa kimya. Fundi aliirudia mwenyewe, na ikasimama palepale. Alifuta mikono kwa kitambaa, akamgeukia mzee, akasema, "Mzee, itaingia. Lakini haitapatana na ya mbele." Akamweleza njia mbili: kutafuta difu la 3.54 na kulitia mbele pia, jambo ambalo lingeifanya ile injini ya dizeli ya lita 2.25 ilemewe kwenye kila kilima cha kwenda kwake, au kuirudisha ekseli hii na kutafuta yenye 4.7 kama ya mbele. Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Kongoi," alimwambia, yaani asante, na akawaashiria vijana waugeuze mkokoteni.

Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia aliyemuuzia. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama zipo nyingine pale uani, akaambiwa zipo mbili. "Nakuja," akasema. "Lakini kwanza, kijana wangu, nizungushie gurudumu moja mara mbili, hilo jingine ulishike, halafu uniambie pinioni imezunguka mara ngapi."